Kengele, vitufe au macho tu: mbwa akuombeje kutoka nje?

Mbwa anayebanwa na haja husema hivyo kabla hujamnunulia kifaa chochote. Huacha alichokuwa akikifanya, hunusa sakafu huku akizungukazunguka, huenda mlangoni, hukutazama wewe, hutazama mlango, kisha hukutazama tena. Mwaka 2018 Hannah Worsley na Sean O'Hara wa Chuo Kikuu cha Salford, Uingereza, walichapisha uchunguzi wa mbwa 37 waliorekodiwa majumbani mwao. Waliorodhesha ishara 19 ambazo mbwa hao walizitumia kumwomba binadamu kitu, lakini maombi yenyewe yalikuwa manne tu: nikune, nipe chakula au maji, nifungulie mlango, nitolee kichezeo changu.

Kwa hiyo kuomba mbwa anajua tayari. Kengele, au kitufe kinachotamka neno kikibonyezwa, kinachofanya ni kulifikisha ombi jikoni, au ghorofa ya juu, au popote ulipo usipomwona. Kabla ya kulinganisha bei na umbo la vifaa, jiulize mambo mawili: nikiwa nyumbani nitaisikia ishara hiyo? Na nikiisikia, nitaweza kuijibu ndani ya dakika moja, kila mara, kwa wiki tatu za mwanzo? Likishindikana la pili, hakuna kifaa kitakachokusaidia, na ratiba ya saa maalumu itakufaa zaidi.

| Njia | Muda wa kufundisha | Inafaa wapi | Huharibikia wapi |
|---|---|---|---|
| Kusoma mwili wake | Unajifunza wewe, si mbwa | Kila nyumba | Ukiwa chumba kingine, au macho yakiwa kwenye simu |
| Kuketi mlangoni | Wiki moja hadi mbili | Chumba kimoja au viwili, mlango unaoonekana | Mbwa huketi kimya, hakuna anayemwona |
| Kengele mlangoni | Wiki moja hadi tatu | Nyumba ya vyumba vingi, fleti | Mbwa huipiga ili akacheze |
| Vitufe vya sauti | Wiki kadhaa, wakati mwingine miezi | Mwenye muda na subira | Maneno mengi mapema, betri kuisha |
| Kubweka kwa amri | Siku chache | Nyumba iliyo mbali na majirani | Atabweka kwa kila anachotaka |

Kukwaruza mlango hakumo kwenye jedwali kwa sababu hakuna mtu anayeichagua njia hiyo. Huzuka kwenyewe mlango unapofunguliwa mara tu makucha yanapogusa mbao. Mbwa hujifunza mara moja, na fundi rangi hulipwa kila mwaka.

Macho tu

Njia hii ina faida moja ambayo nyingine hazina: inabeba maombi yote, si la mlango peke yake. Mbwa mwenye kiu husimama karibu na bakuli tupu na kukutazama, hulamba bakuli kavu, au hulisukuma kwa pua. Anayetaka mchezo huinamisha kifua hadi viwiko viguse chini huku makalio yakiwa juu. Anayetaka kuachwa peke yake hugeuza kichwa pembeni, hulamba midomo pasipo chakula, hupiga miayo bila usingizi, au hukakamaa ghafla mtoto anapomkumbatia. Hilo la mwisho ndilo lenye haraka kuliko yote, kwa kuwa kinachofuata ni kunguruma, na baada ya kunguruma ni meno. Ukimchapa kwa kunguruma, utaondoa onyo na kubakiza meno.

Kutazama kwa zamu, mtu kisha kitu kisha mtu, ndiko lugha kuu ya mbwa. Mwaka 2003 timu ya Ádám Miklósi wa Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd, Budapest, iliwapa mbwa na mbwa mwitu wa Ulaya (wolf) waliolelewa na watu kazi isiyowezekana: chakula walichozoea kukipata, sasa kimefungwa kabisa. Mbwa waligeuka mapema na kumtazama mtu usoni. Mbwa mwitu waliendelea kupambana na kifungio.

Udhaifu wa njia hii unatokana na hilohilo. Mbwa humtazama mtu anayemtazama. Juliane Kaminski na wenzake wa Portsmouth, Uingereza, walionyesha mwaka 2017 kwamba mbwa huonyesha mabadiliko mengi zaidi ya uso mtu anapowaelekea kuliko anapowapa mgongo, na kuwa na chakula mkononi hakukuongeza kitu. Ukiwa umempa mgongo unakaanga vitunguu, sehemu kubwa ya mazungumzo yenu imekatika. Hapo ndipo kengele inapoanza kuwa na maana.

Kwa mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi minne, usitegemee ishara yoyote, ya asili wala ya kufundishwa. Kati ya kuanza kunusa sakafu na kukojoa hupita sekunde chache tu. Mtoe kwa saa: kila anapoamka, baada ya mchezo, dakika 15 hadi 30 baada ya kula, na mchana usipitishe takriban saa moja kwa kila mwezi wa umri wake. Wa miezi miwili, basi, ni kila saa mbili. Kengele unaweza kumzoesha mapema, ila usimngoje aipige.

Kengele mlangoni

Kwa nyumba nyingi ambamo mbwa huishi ndani, hii ndiyo tunayoipendekeza. Ni rahisi, haina betri, husikika hata redio ikiwa inaimba, na mbwa huipiga kwa pua, kwa hiyo inamfaa hata mzee mwenye maumivu ya viungo au aliyepoteza macho.

Nunua mkanda wenye kengele mbili au tatu, au utengeneze mwenyewe kwa utepe wa mkoba wa zamani. Epuka njuga zenye nyufa pana chini: ukucha hunasa humo, mbwa huvuta kwa hofu, na baada ya hapo haigusi tena. Kengele ndogo kiasi cha kuingia mdomoni nayo ni hatari, kwani mtoto wa mbwa huitafuna na kuimeza. Iliyo salama ni kubwa, ya kuwa wazi chini, na imeshonwa kwa nguvu.

Itundike kwenye fremu pembeni mwa mlango, si kwenye mlango wenyewe wala kitasani. Kosa hili ni la kawaida mno. Ikining'inia kitasani hulia kila anayepita, na kwa siku mbili watu wa nyumbani huacha kuisikia. Kengele ya chini kabisa iwe kati ya bega na pua ya mbwa akiwa amesimama. Kwa mtoto wa mbwa mdogo hiyo ni sentimita 15 hadi 20 kutoka sakafuni, na utaipandisha kadiri anavyokua.

Mafunzo huenda hivi. Anza mbali na mlango, kengele ikiwa mkononi mwako. Isogeze karibu na pua yake. Akiigusa, sema "vizuri" papo hapo na mpe kipande cha kuku chenye ukubwa wa punje ya hindi. Rudia mara kumi, pumzika, fanya hivyo mara mbili au tatu kwa siku, kila kipindi kisizidi dakika tano. Akishtuka kwa mlio, funga kengele kwa kitambaa na ukipunguze siku baada ya siku. Akiigusa bila kusita mara nane kati ya kumi, itundike mahali pake na urudie palepale.

Hatua inayofuata ndiyo watu wengi huiruka. Acha kumlipa chakula kwa kugusa kengele. Sasa malipo ya kengele ni mlango kufunguka. Kila mara mnapotoka, simama mlangoni, ngoja aiguse, fungua papo hapo, nendeni moja kwa moja mahali pake pa haja akiwa kwenye kamba. Simama hapo kimya kwa dakika tatu hadi tano. Akijisaidia, mpe zawadi palepale, ndani ya sekunde moja au mbili, si baada ya kurudi ndani. Ukingoja mfike jikoni, kwa hesabu yake umemlipa kwa kurudi jikoni. Asipojisaidia, rudini bila mchezo wala maongezi, mweke karibu nawe, mjaribu tena baada ya dakika 10 hadi 15.

Baada ya siku kadhaa ataipiga mwenyewe, pengine kwa bahati, pengine kwa kujaribu tu. Acha kila kitu ukafungue. Mara hizo za mwanzo zina uzito kuliko wiki nzima ya mazoezi. Zikipita mbili tatu bila jibu, hutajua kwa nini aliacha.

Lalamiko kubwa kuhusu kengele ni kwamba mbwa huipiga mara ishirini kwa siku. Sababu yake haifichiki: nje kuna mijusi, watoto na harufu, na kengele imemfikisha huko kila alipoipiga. Dawa si kuiondoa. Safari ya kengele iwe ya kuchosha kwa makusudi: kamba fupi, mahali palepale, dakika tano, ndani. Matembezi na mpira yawe na ishara nyingine, kwa mfano wewe kuchukua viatu na kamba ndefu, tena katika saa unayoichagua wewe. Wengi hupunguza kupiga ndani ya wiki moja au mbili. Lakini mbwa anayekaa ndani tangu asubuhi hadi jioni bila matembezi hana kosa akiipiga. Anachoomba ni halali, ila amekiomba kwa kengele isiyokusudiwa ombi hilo.

Kama nyumba ni ya ghorofa na kengele haifiki juu, ipo kengele ya geti isiyotumia waya. Kitufe chake hubandikwa ukutani karibu na sakafu, na kipokezi huchomekwa kwenye soketi chumbani. Tafuta yenye kitufe laini kinachobonyea kwa pua, na kipokezi chenye taa inayomulika ikiwa nyumbani kuna mtu asiyesikia vizuri. Kabla ya kununua, kibonyeze kwa kidole kimoja bila kukaza mkono. Ukilazimika kusukuma, mbwa wa kilo tano hatakiweza.

Vitufe vya sauti

Hivi ni vitufe vya mviringo ambavyo unavirekodia neno, mbwa anakibonyeza kwa mguu, nacho kinatamka "nje". Vilipata umaarufu kupitia Christina Hunger, mtaalamu wa matamshi na lugha wa Marekani, na mbwa wake Stella, na baadaye kupitia video za mbwa anayeitwa Bunny. Video hizo zimeuza vitufe vingi, na zimewavunja moyo watu wengi vilevile.

Kinachojulikana kwa uhakika ni kidogo kuliko video zinavyodai, lakini si bure. Mwaka 2024 maabara ya Federico Rossano katika Chuo Kikuu cha California, San Diego, ilionyesha kwamba mbwa waliozoeshwa vitufe huitikia neno la "nje" na la "mchezo" ipasavyo, liwe limetamkwa na mtu au na kitufe, hata pale ambapo mtu mwenyewe hakupewa nafasi ya kuwaonyesha kwa mwili. Utafiti wao wa pili wa mwaka huohuo, uliotumia rekodi za mbwa 152 kwa miezi 21, ulionyesha kuwa mbwa hawabonyezi ovyo wala kwa kumwiga tu mwenye mbwa. Maneno waliyoyabonyeza zaidi yalihusu kutoka nje, chakula, mchezo na haja. "Nakupenda" lilibonyezwa zaidi na watu. Kama unanunua ubao wa vitufe thelathini ukitarajia hoja, hifadhi hela.

Vitufe vina nafasi pale unapotaka kutenganisha maombi ambayo mwili wa mbwa huyasema kwa namna moja. Mbwa anayesimama mlangoni anaweza kutaka haja au kutaka kuzurura. Kitufe cha "kojoa" na cha "tembea" vinaweza kukutofautishia, mradi kila kimoja kiwe na matokeo yake na yasichanganywe kamwe.

Anza na kimoja. Chagua neno fupi ambalo tayari unalisema kila siku, na kila mtu nyumbani alitumie hilohilo. Mmoja akisema "nje" na mwingine "twende", mbwa anajifunza maneno mawili nusu nusu. Rekodi kwa sauti yako ya kawaida. Kibandike kwa velkro kwenye kipande cha ubao au zulia lisiloteleza, kwani kitufe kinachokimbia sakafuni humfundisha mbwa kukitafuna badala ya kukikanyaga. Kiweke karibu na mlango wenyewe. Kisha kila mnapotoka, bonyeza wewe, sema neno, fungua. Fanya hivyo kila safari kwa wiki mbili au zaidi. Usiukamate mguu wake na kuubonyeza. Mbwa wengi hawapendi kushikwa miguu na wataanza kukikwepa kitufe. Akikikodolea macho au kukinusa, subiri sekunde kumi kimya. Mara nyingi ndipo anapojaribu.

Kitufe cha chakula kisiwe cha kwanza. Atakibonyeza mara hamsini, nawe utalazimika kukataa arobaini na saba. Kitufe kinachokataliwa kila mara hufa, au humzoesha kung'ang'ania. Maji ni salama zaidi, kwa kuwa unaweza kukubali kila mara.

Betri ndiyo gharama iliyofichika. Zikipungua, sauti hubadilika na kukwaruza, na mbwa mwoga hushtuka. Tena mbwa anayetafuna plastiki hafai kuachiwa vitufe bila mtu. Akimeza betri usimtapishe, maana kemikali yake huunguza koo ikirudi. Mkimbize kwa daktari wa mifugo hapohapo.

Kuketi mlangoni, na kubweka

Kuketi mlangoni ni nafuu kuliko vyote. Kila safari, ngoja aketi, ndipo ufungue. Katika chumba kimoja na sebule inatosha kabisa, na jirani hasikii kitu. Ila mbwa mwenye adabu ataketi pale dakika mbili, akuone huji, kisha akojoe mlangoni, nawe utamwona mkosaji. Ikikutokea mara mbili, ongeza kengele palepale anapoketi. Atakuwa ameshajifunza nusu ya kazi.

Kubweka kwa amri hatupendekezi. Mbwa huelewa haraka kwamba sauti hufungua mlango, na hataikomea kwenye mlango. Kwenye fleti utaitwa na mwenye nyumba kabla mwezi haujaisha.

Mbwa wa uani

Nyumba nyingi Afrika Mashariki mbwa halali ndani. Hushinda kibandani na kufunguliwa usiku. Kwake kengele ya mlango haina kazi, kwa kuwa haja si tatizo lake. Anachoomba ni maji, kivuli, chakula, na mtu aje aone kilichopo getini. Hapa chaguo ni moja, kumsoma, na sikio lina kazi kubwa kuliko macho. Watafiti wa Hungaria wakiongozwa na Péter Pongrácz waliwasikilizisha watu milio ya mbwa iliyorekodiwa, na wengi, hata wasiowahi kufuga, waliweza kukisia hali kwa kiwango kizuri. Kubweka kwa mgeni huwa kuzito na kwa kufululiza. Kwa mbwa aliyeachwa peke yake huwa kwembamba, mlio mmoja mmoja wenye pengo kati. Ukisikia huo wa pili mchana kutwa, usimpigie kelele dirishani. Nenda ukatazame kama mnyororo umejifunga kwenye mti, kama kivuli kimehama, kama bakuli limepinduka.

Mbwa mzima huhitaji kiasi cha mililita 50 hadi 60 za maji kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa hiyo wa kilo 20 anahitaji lita moja na zaidi kidogo, na kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa anahitaji ziada. Bakuli linalopinduliwa kila siku si utundu daima. Jaribu ndoo nzito iliyofungwa kwa waya kwenye nguzo, uone kama tabia inaisha. Kutweta kwa nguvu ulimi ukiwa mpana, fizi nyekundu iliyokolea na mate mazito ni hatari ya joto. Msogeze kivulini, mlowanishe kwa maji ya kawaida, mpeperushe hewa, umpeleke kwa daktari.

Ombi linapogeuka dalili

Mbwa aliyezoea kupiga kengele mara nne kwa siku akafika kumi na mbili ghafla, au akaanza kuomba usiku wa manane, usianze kumrekebisha tabia. Dume anayeinua mguu au jike anayechuchumaa na kukamua bila mkojo kutoka ni dharura ya siku hiyohiyo. Mbwa asiyetulia, anayejaribu kutapika bila kitu kutoka huku tumbo likivimba na kukaza, hasa wa kifua kirefu kama German Shepherd, hana saa nyingi. Na mbwa aliyebadilika tabia, anayetoka udenda na kushindwa kumeza, usimtie mkono mdomoni kutafuta mfupa. Inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Akikuuma au mate yake yakiingia kwenye kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na uende hospitali bila kungoja dalili.

Kwa lisilo la dharura, pima kabla ya kwenda kliniki. Jaza bakuli kwa maji uliyoyapima kwa chupa, fuatilia unachoongeza, na baada ya saa 24 toa kilichobaki. Zaidi ya mililita 100 kwa kilo ni nyingi kupita kiasi, na kisukari na figo ni miongoni mwa visababishi vyake. Mwandikie daktari idadi ya safari za usiku, na umpelekee mkojo wa asubuhi, uliokingwa kwa kijiko kirefu cha supu akiwa anakojoa, kwenye chupa safi yenye kifuniko.